Usibadilishe Kifaa Kabla Hujajua Kilichokiua: Somo Kutoka Kwenye Mashine ya Pinboli

Fundi anayebahatisha na fundi anayepima wote wawili wanaweza kuwasha mashine leo. Tofauti yao utaiona wiki ijayo, pale mmoja atakapoitwa tena kwa tatizo lilelile. Makala haya yanahusu tofauti hiyo, na nitaieleza kwa kutumia kitu ambacho wengi wetu tumekiona kwenye filamu tu: mashine ya pinboli. Mwaka jana, nilipokuwa kwenye programu ya kubadilishana wanafunzi katika jimbo la Illinois, Marekani, mimi na wenzangu wawili tuliifufua moja iliyokuwa inasubiri kutupwa. Mimi nasoma uhandisi wa umeme, lakini siandiki kwa ajili ya wahandisi peke yao. Wewe wa sheria, wa ualimu au wa biashara nawe una kitu kibovu chumbani, na kuna siku utamlipa mtu akitengeneze. Ni vizuri ujue maswali ya kumuuliza.

PINBOLI NI MCHEZO GANI?

Ni sanduku la mbao lenye miguu minne. Juu yake kuna uwanja ulioinama kidogo kumwelekea mchezaji, umefunikwa kwa kioo. Gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 27 hivi na uzito wa gramu 80 hivi inarushwa juu kwa springi, kisha inateremka ikigonga vitu vinavyowaka, vinavyopiga kengele na kuongeza pointi. Chini kabisa kuna vibao viwili vinavyoendeshwa kwa vitufe vya ubavuni, wenyewe wanaviita flipa. Kazi yako ni kuipiga gololi irudi juu isizame.

Karibu kila kinachosogea mle ndani kinasogezwa na koili: waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi kwenye kibomba, na katikati kuna kipande cha chuma. Umeme ukipita, koili inakuwa sumaku na kukivuta chuma. Ni fizikia ya sekondari tu, ila hapa unaiona inatembea.

Mji wa mchezo huu ni Chicago. Kampuni za Gottlieb, Williams na Bally, ambazo ndizo zilizoukuza, zote zilikuwa huko. Flipa hazikuwepo tangu mwanzo. Zilikuja mwaka 1947 na mashine ya Gottlieb iliyoitwa Humpty Dumpty. Kabla ya hapo ukishaiachia gololi ulibaki kuitikisa mashine na kuomba Mungu. Ndiyo maana wakubwa wengi waliuona mchezo huu kuwa kamari. Jiji la New York lilipiga marufuku mashine hizi mwaka 1942, enzi za Meya Fiorello La Guardia, na nyingine zilivunjwa kwa nyundo. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1976, baada ya kijana aitwaye Roger Sharpe kucheza mbele ya wajumbe wa baraza la jiji na kuonyesha kwamba gololi inakwenda pale mchezaji anapotaka iende. Yaani hoja nzima ilikuwa moja: hii ni bahati au ni ujuzi?

Shika hilo swali, maana ndilo linalomkabili kila anayefungua kitu kibovu kwa bisibisi.

MASHINE YENYEWE NA MASHARTI YAKE

Yetu ilikuwa Eight Ball Deluxe ya Bally, toleo la mwaka 1981. Mandhari yake ni mchezo wa puli, ule wa meza na vijiti, kwa hiyo kwa kijana wa Kibongo haihitaji kutafsiriwa: kuna safu ya shabaha 7 za kuangusha kama vile unasafisha meza, kisha unaitafuta mpira namba 8. Ilikuwa kwenye chumba cha mapumziko cha bweni, imefunikwa blanketi, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuiona ikiwaka. Ofisi ya bweni ilipanga kuitoa pamoja na makochi yaliyochakaa kabla ya likizo ndefu.

Tulipoomba tuachiwe, tulipewa masharti mawili. Isibaki kwenye umeme tukiwa hatupo, na mtu mwenye uzoefu aikague kabla wanafunzi wengine hawajaigusa. Tuliona ni haki. Sanduku lenyewe ni la mbao, nyaya zina umri wa kutuzidi sote, na juu ya chumba kile kuna ghorofa za watu wanaolala.

Kikosi kilikuwa cha watu watatu. Mimi, dada mmoja Mkenya kutoka Eldoret, anasoma uhandisi wa mitambo, na mzee mmoja mstaafu ambaye ujana wake wote alitengeneza mashine hizi kwenye baa. Sisi tulimwita Mzee, naye akalipenda hilo jina. Vifaa: multimita, bisibisi, chuma cha kuchomea risasi, tochi, daftari, na kitabu cha mashine chenye michoro ya saketi. Vipuri vyote jumla havikufika bei ya kitabu kimoja kipya cha kiada cha huko.

HATUA YA KWANZA: USIWASHE

Sisi vijana tulitaka kuchomeka tuone itafanya nini. Mzee aliushika waya wa umeme mkononi, hakuuachia. Hoja yake ilikuwa rahisi: unajua kwamba mashine ilizimwa, hujui kwa nini ilizimwa. Huenda aliyeizima aliona moshi.

Kwa hiyo siku ya kwanza yote ilikuwa ya macho. Tulipiga picha kila upande kabla ya kuchomoa waya wowote. Kisha plagi: pini ya ethi ilikuwa imekatwa, labda ili iingie kwenye soketi ya zamani ya matundu mawili. Sasa fikiria, mlango wa sarafu ni wa chuma, reli za pembeni ni za chuma, miguu ni ya chuma. Waya wenye umeme ukigusa chuma hicho, ethi ndiyo inayoupa umeme njia ya kupita mpaka kinga ikatike. Ethi ikiwa haipo, chuma kinabaki na umeme kinamsubiri mchezaji. Plagi mpya ndiyo iliyokuwa kipuri chetu cha kwanza.

Halafu fyuzi. Tulichomoa moja moja, tukaipima, tukalinganisha namba yake na orodha ya kwenye kitabu. Moja iliyo chini ya uwanja, inayolinda koili, ilikuwa imeviringishwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Mwenzangu wa Eldoret aliinyanyua kwa koleo, akasema, "Hii si fyuzi bana, hii ni kiberiti."

Jamani, ni nani kati yetu hajawahi kuona waya umefungwa mahali pa fyuzi? Tunaona kwenye redio, kwenye stabilaiza, kwenye gari. Tunasema "fyuzi imekufa", tunaweka waya, maisha yanaendelea. Lakini fyuzi iliyokatika haijaharibika. Imefanya kazi iliyowekewa. Ni shahidi anayekwambia kwamba mahali fulani umeme umezidi. Aliyeviringisha ile karatasi alimziba shahidi mdomo, na mashine ikaendelea kuungua taratibu ndani kwa ndani.

Hatukuweka fyuzi mpya siku ile. Tuliandika kwenye daftari: "Fyuzi ya koili ilikuwa inakatika. Kwa nini?" Swali likabaki wazi.

HATUA YA PILI: BETRI, NA KEMIA YA KIDATO CHA TATU

Kichwani mwa mashine, nyuma ya kioo cha picha, ndiko zilizopo bodi za kielektroniki. Bodi ya kompyuta ya mashine za Bally za miaka ile imechomewa betri ndogo ya kuchajika ya volti 3.6, ya nikeli na kadmiamu, ili kumbukumbu za pointi zisifutike umeme ukizimwa. Betri hiyo ikizeeka inavuja. Yetu ilikuwa imevuja, na eneo linaloizunguka lilikuwa na unga wa kijani na kijivu.

Hapa watu wengi hukimbilia magadi, kwa sababu wamesikia kwamba magadi husafisha tindikali ya betri. Hiyo ni kweli kwa betri ya gari. Lakini kilichomo kwenye betri ya nikeli na kadmiamu ni hidroksidi ya potasiamu, ambayo ni besi. Ukiweka magadi, umeweka besi juu ya besi. Inayotakiwa ni tindikali dhaifu, na iliyo karibu ni siki nyeupe iliyochanganywa na maji. Tulitoa betri kwanza, tukasugua kwa mswaki, ikachemka kidogo, tukasuuza kwa maji safi, tukapitisha spiriti, tukaacha ikauke siku nzima.

Badala ya betri ya kuchomea tuliweka kishikio cha betri za kawaida na kukifunga chini ndani ya sanduku, mbali na bodi, kwa waya mrefu. Katikati ya waya kuna daiodi moja. Bila hiyo, bodi ingejaribu kuzichaji betri zisizochajika, na tungerudi kulekule kwenye uvujaji, kama si kwenye mlipuko.

HATUA YA TATU: PIMA UMEME KABLA BODI HAZIJAUNGANISHWA

Bado hatujawasha kitu kizima. Tulichomoa bodi zote, tukaacha transfoma na bodi ya kunyoosha umeme tu. Hapo ndipo tulipochomeka kwa mara ya kwanza. Kitabu kinataja vituo vya kupimia, na kila kituo kina volti zake: karibu 6 za taa, karibu 12 za kupeleka mbele, 43 za koili, na zaidi ya 200 za kulisha vionyeshi vya namba. Kisha bodi ya pili, ambayo inachukua zile 12 na kutoa volti 5 kamili za kompyuta.

Kwa nini utaratibu huu? Kwa sababu volti 5 zikitoka 8, kila chipu utakayoiunganisha inaungua. Na kwa sababu kosa lililo kwenye njia ya umeme linaweza kujionyesha kama makosa kumi huko mbele. Ukianza na dalili za mbele, utabadilisha vipuri kumi. Ukianza kwenye chanzo, utachomea mguu mmoja wa konekta uliopasuka risasi, ambao kweli tuliukuta.

Tahadhari kwa atakayejaribu: zaidi ya volti 200 si mchezo. Kapasita kubwa hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi, kwa hiyo subiri, halafu pima kabla ya kugusa. Vua saa na pete. Usifanye kazi hii peke yako usiku. Ukichomea risasi, fungua madirisha na unawe mikono kabla ya kula.

HATUA YA NNE: TAA INAYOHESABU

Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote ni taa moja ndogo ya LED kwenye bodi ya kompyuta. Ukiwasha mashine, kompyuta inajikagua yenyewe na taa hiyo inamweka mara 7. Kila mmweko una maana: wa kwanza, chipu za programu ziko sawa, wa pili na wa tatu, kumbukumbu ziko sawa, wa nne na wa tano, chipu za kupokea na kutoa amri ziko sawa, wa sita, saa ya vionyeshi inafanya kazi, wa saba, umeme wa koili unaonekana. Ikiishia wa tatu, unajua utazame wapi. Hiyo ni mwaka 1981, na simu nyingi za leo haziwezi kukwambia ukweli wa namna hiyo.

Yetu mara ya kwanza haikumweka hata mara moja. Taa iliwaka ikabaki vilevile. Maana yake kompyuta haianzi kabisa. Saketi ya kuianzisha iko jirani na betri, na tukirudi na kioo cha kukuzia tuliona njia moja nyembamba ya shaba imeliwa na ile kemikali. Tuliunga kwa kipande cha waya. Tukawasha: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Ikaishia hapo.

Tulishangilia! Mtu aliyepita mlangoni alidhani tumepungukiwa, maana mashine haikutoa hata sauti. Lakini sita ndiyo iliyotakiwa, kwa kuwa fyuzi kuu ya volti 43 tulikuwa tumeichomoa kwa makusudi. Mashine ilisema kweli: kila kitu kiko sawa isipokuwa umeme wa koili haupo. Kuanzia hapo tukajua kwamba tunaweza kuiamini.

HATUA YA TANO: KUMTAFUTA MUUAJI

Sasa turudi kwa shahidi wetu, ile fyuzi ya karatasi ya sigara. Kabla ya kurudisha umeme wa koili tulipima ukinzani wa kila koili na kuuandika. Pande mbili juu kidogo ya flipa kuna pembetatu zenye mipira inayorusha gololi pembeni, tuseme manati. Koili ya manati ya kulia ilisoma karibu omu 10. Ya kushoto, ya aina hiyohiyo, ilisoma chini ya 2, na karatasi yake ilikuwa imebabuka.

Anayebahatisha angesema: "Tumeipata, koili imeungua, weka mpya." Angeweka, angewasha, na ile mpya ingeungua ndani ya dakika chache. Swali sahihi ni nani aliyeiunguza.

Koili inawashwa na transista iliyo kwenye bodi. Tuliipima: imeshikana, yaani umeme unapita muda wote hata bila amri. Kwa hiyo koili ilikuwa ikivuta bila kuachia mpaka ikaungua. Basi muuaji ni transista? Bado. Nani aliyeiua transista?

Kila koili ina daiodi ndogo mguuni pake. Umeme wa koili unapokatwa ghafla, usumaku unaporomoka na kuzalisha volti kubwa za kurudi nyuma. Daiodi ndiyo inayozipa njia ya kuzunguka ziishe. Tuliivuta kwa kucha daiodi ya manati ya kushoto, na mguu wake mmoja ukaachia. Ulikuwa umekatika zamani, labda kwa mitikisiko ya miaka mingi, ila kwa macho ulionekana umeshikana.

Mnyororo mzima ni huu. Mguu wa daiodi ulikatika. Kila manati ilipopiga, volti za kurudi ziliipiga transista mpaka ikafa. Transista iliposhikana, koili ikavuta muda wote. Fyuzi ikakatika, kama ilivyotakiwa. Mtu akaviringisha karatasi. Koili ikaungua. Kati ya vyote hivyo, kilichoanza ni daiodi, kipuri cha bei ya pipi. Tulibadilisha vyote vitatu, daiodi, transista na koili, kisha tukaweka fyuzi mpya ya namba iliyoandikwa kitabuni. Ikamweka mara 7, na fyuzi haijakatika tena.

HATUA YA SITA: FLIPA DHAIFU NA SHERIA YA OHM

Flipa ya kulia ilikuwa inanyanyuka kivivu, haiwezi kuifikisha gololi juu. Hapa napo kuna jibu la haraka: nunua koili mpya. Lakini tazama kwanza inavyofanya kazi.

Koili ya flipa ina mizunguko miwili ndani yake. Mmoja ni wa waya mnene, mizunguko michache, kwa ajili ya nguvu. Wa pili ni wa waya mwembamba, mizunguko mingi, kwa ajili ya kushikilia tu. Pembeni kuna swichi iliyofungwa. Ukibonyeza kitufe, umeme unapita kwenye waya mnene peke yake. Flipa ikifika juu inaifungua swichi, na umeme sasa unalazimika kupita kwenye mizunguko yote miwili kwa mfuatano.

Tuchukue namba za mviringo. Waya mnene uwe omu 4: volti 43 ukigawa kwa 4 ni karibu ampea 11, sawa na wati zaidi ya 460. Hiyo ndiyo nguvu ya kupiga, inadumu sehemu ndogo ya sekunde. Waya mwembamba uwe omu 120: jumla 124, mkondo unashuka mpaka ampea 0.35, karibu wati 15. Unaweza kushikilia flipa juu bila kuunguza kitu.

Sasa swichi ile ikishindwa kufunguka, wati 460 zinaendelea na koili inaungua. Ikiwa chafu isifunge vizuri, umeme tangu mwanzo unapita kwenye omu 124, na flipa inanyanyuka kivivu. Yetu ilikuwa hiyo ya pili. Koili ilikuwa nzima kabisa. Tulisafisha swichi kwa tupa ndogo, tukairekebisha ifunguke flipa ikikaribia mwisho, tukabadilisha kibomba cha ndani kilichochakaa. Hatukupaka mafuta mahali popote kwenye koili. Mafuta hukusanya vumbi, na vumbi lenye mafuta ni gundi.

Angalizo: tupa ni kwa swichi hiyo tu, yenye umeme mkubwa. Swichi nyingine zote zilizo uwanjani ni za umeme mdogo na ncha zake ni laini. Hizo tulizisafisha kwa kupitisha kipande cha karatasi ngumu safi katikati. Mashine inazisoma kwa jedwali la safu 5 na mistari 8, yaani swichi 40 kwa nyaya 13 tu, na ukiiweka kwenye hali ya kujipima inakutajia namba ya swichi iliyokwama.

HATUA YA SABA: UWANJA

Hapo ndipo tulipoanza kazi ambayo wengi wangeianza siku ya kwanza, yaani usafi. Tulivua mipira yote iliyokakamaa, tukafuta masizi meusi kwa kitambaa laini, maji hatukumwaga maana chini ni mbao. Tukapaka nta, tukafunga mipira mipya, tukabadilisha taa zilizoungua. Gololi ya zamani tuliitupa. Gololi yenye kutu au mikwaruzo ni msasa unaotembea; kila mchezo inakula rangi. Mwisho tulisawazisha miguu kwa pimamaji, kushoto na kulia, ili gololi isipendelee upande.

Mzee aliirudia kukagua yote peke yake jioni nzima, akaturudishia daftari likiwa na vema kila mstari. Wiki iliyofuata foleni ilianza. Ofisi ya bweni ilifuta mpango wa kuitupa, na daftari letu likafungiwa ndani ya sanduku kwa ajili ya yeyote atakayekuja kuitengeneza baada yetu.

HUKU KWETU JE?

Huhitaji pinboli. Una stabilaiza, feni, spika, jiko la umeme, mashine ya fotokopi inayokwama kila wiki ya mitihani. Kinachohamishika ni utaratibu, na ninaufupisha hivi.

Kwanza, usiwashe kitu ambacho hujui kwa nini kilizimwa. Pili, anza kwenye chanzo cha umeme, uende mbele. Tatu, kila kipuri kilichokufa, uliza kimeuawa na nini, na usiishie kwa jibu la kwanza. Nne, usizibe mdomo wa fyuzi, kamwe. Tano, andika.

Hiyo ya tano tunaidharau sana. Tunafaulu mitihani ya saketi kwa kuchora mistari, halafu mtaani tunakutana na mafundi wenye mikono mizuri lakini wasio na kumbukumbu ya maandishi, na sisi wenye maandishi lakini wasio na mikono. Kila upande una nusu. Mzee alikuwa na zote mbili, na hakuwa na shahada.

Pendekezo langu kwa serikali ya wanafunzi ni dogo na halihitaji bajeti kubwa: meza moja, multimita mbili, plagi yenye kinga inayokatika umeme ukivuja, na fundi mmoja wa mtaani wa kualikwa Jumamosi na kulipwa kama mwalimu, maana ni mwalimu. Kila anayeleta kitu kibovu anafungua ukurasa wenye safu nne: dalili, kipimo, sababu, tiba. Sheria ya meza iwe moja tu. Hakuna anayeruhusiwa kujaza safu ya nne wakati ya tatu iko wazi.

Mimi nitaleta stabilaiza ya chumbani kwetu. Ndani yake, mahali pa fyuzi, mpangaji aliyetutangulia aliacha waya.